Mahakama, Bunge, Bajeti au Barabara: Unayepinga Rais Kupeleka Askari, Uanzie Wapi?

Jioni ya Jumanne, 25 Juni 2024, nilikuwa kwenye kijiwe cha kahawa Mombasa, runinga imetundikwa juu ya kichwa cha muuza kahawa na kila mtu shingo juu. Habari zilikuwa mbili tu. Ya kwanza: polisi wa Kenya wapatao 400 wamewasili Port-au-Prince, mji mkuu wa Haiti. Ya pili: waandamanaji wanaopinga Mswada wa Fedha wameingia ndani ya majengo ya Bunge Nairobi, watu wamepigwa risasi, na Waziri wa Ulinzi Aden Duale ametoa ilani ya kuwatoa wanajeshi kambini wakawasaidie polisi. Siku moja, rais mmoja, safari mbili za askari: moja ng'ambo ya Atlantiki, nyingine mitaani kwetu.

Mzee aliyekaa kando yangu alimaliza kahawa yake tungu, akafunika kikombe, akaniuliza: "Haya mwanangu, wewe unayesoma magazeti. Mtu akiwa hayataki haya, huenda akamwambia nani?"

Nikababaika. Nilisema "mahakamani", kisha nikajisahihisha, "kwa mbunge wake", na baraza zima likaangua kicheko.

Tangu siku ile nimekuwa nikifuatilia swali la yule mzee, nchi kwa nchi. Makala haya hayataamua kama Haiti ilikuwa haki au Congo ilikuwa kosa. Ni ya mtu aliyekwisha kuamua kwamba anapinga, awe mwanaharakati, msaidizi wa mbunge, mwanafunzi wa sheria au mzazi wa askari, na anataka kujua nguvu zake chache azipeleke wapi. Njia ninazoziona ni nne: kufungua kesi, kupambana bungeni, kufuata pesa, na kuingia barabarani. Hazilingani kwa gharama wala kwa matokeo, na kinachoamua ipi itakufaa ni tarehe. Kumpinga rais kabla askari hajapanda ndege ni kazi moja. Kumpinga ndege ikishatua ni kazi nyingine kabisa.

Sheria inasema "kabla" au "baada"?

Anza hapa, hata kama huna subira na vifungu.

| Nchi | Anayeamuru | Bunge linaingia lini kisheria | Ilivyotokea |
|---|---|---|---|
| Kenya | Baraza la Usalama la Taifa chini ya rais (ibara ya 240) | Kabla | Somalia 2011: kura ilikuja Desemba, majeshi yameingia Oktoba. Haiti: kura ilikuja kabla |
| Uganda | Rais | Kabla, kwa kazi za kulinda amani | Sudan Kusini 2013 na 2025: kura ilikuja baada |
| Afrika Kusini | Rais peke yake (kifungu cha 201) | Baada, kwa taarifa ya haraka | Congo: idhini ya Desemba 2023, idadi na gharama hadharani Februari 2024 |
| Tanzania | Amiri Jeshi Mkuu (ibara ya 148), ndani na nje ya nchi | Hakuna sharti la idhini, ila tangazo la vita lazima lifike bungeni (ibara ya 44) | Jeshi huenda kwa amri yake |

Ukisoma safu ya tatu peke yake utadhani Kenya na Uganda ni pepo ya wapinzani. Ya nne ndiyo isemayo kweli. Jeshi la Kenya lilipovuka mpaka kuingia Somalia Oktoba 2011, katiba mpya ilikuwa na umri wa mwaka mmoja na ushei. Serikali ya Kibaki ilisema nchi inajilinda, ikataja ibara ya 51 ya Mkataba wa Umoja wa Mataifa. Bunge lilipopiga kura Desemba, swali lilikuwa limeshageuka. Halikuwa tena "twende au tusiende?" Lilikuwa "hawa waliokwisha kwenda, tuwaunganishe na AMISOM, kikosi cha Umoja wa Afrika huko Somalia?" Mbunge gani atasimama apige kura ya hapana wakati vijana wa jimbo lake wako njiani kuelekea Afmadow, kusini mwa Somalia?

Wamarekani walijaribu kuifunga kalenda ndani ya sheria yenyewe. Sheria yao ya Madaraka ya Vita ya 1973, iliyopitishwa licha ya kura ya turufu ya Rais Nixon, inampa rais saa 48 za kuliarifu Bunge na siku 60 za kuendelea kabla hajahitaji idhini. Siku 60, katika zama za ndege zisizo na rubani, zinatosha kuanzisha vita na kuvimaliza.

Kuna jambo dogo la Kenya ambalo wengi hulipita, nami ningependa ulitazame kwa karibu. Ibara ya 241(3) ina milango miwili ya kuleta wanajeshi ndani ya nchi. Aya ya (b) ni ya dharura na majanga: jeshi linasaidia, kisha Bunge la Kitaifa linapewa ripoti. Aya ya (c) ni ya machafuko: jeshi linaweza kurudisha amani *kwa idhini* ya Bunge la Kitaifa tu. Ilani ya Duale ilipitia mlango wa (b). Yaani maandamano ya vijana yaliandikwa kwenye karatasi ya serikali kama dharura, jamaa ya mafuriko na moto. Kesho yake Bunge likapitisha hoja ya kuunga mkono. Ukitaka kupinga jeshi mitaani, usianze na hotuba. Anza kwa kuuliza wamepitia mlango upi.

Mahakama: mlango ulio wazi, lakini unajua unaelekea wapi?

Kesi ya Haiti ndiyo shule bora tuliyo nayo, kwa hiyo nitakaa nayo.

Julai 2023 serikali ya Kenya ilijitolea kupeleka polisi 1,000 kuongoza kikosi cha kupambana na magenge. Tarehe 2 Oktoba Baraza la Usalama la Umoja wa Mataifa likatoa kibali kwa azimio 2699. Wiki moja baadaye, tarehe 9, Mahakama Kuu ya Nairobi ilitoa amri ya muda ya kuzuia safari, kwa kesi iliyofunguliwa na Ekuru Aukot, kiongozi wa chama cha Thirdway Alliance, pamoja na wenzake. Aukot si jina kubwa kwenye sanduku la kura. Aliwania urais 2017 akaambulia kura za kuhesabika. Lakini ibara ya 258 ya katiba ya Kenya inampa kila mtu haki ya kwenda mahakamani akidai katiba imevunjwa, bila kuonyesha kwamba yeye binafsi ameumia. Chama chenye mbunge sifuri kilisimamisha safari iliyobarikiwa New York.

Tarehe 26 Januari 2024 Jaji Chacha Mwita alitoa hukumu. Hoja iliyoshinda haikuwa kubwa ya kisiasa. Ilikuwa ya neno. Katiba inasema Baraza la Usalama la Taifa linaweza, kwa idhini ya Bunge, kupeleka nje "majeshi ya taifa". Je, polisi ni jeshi? Jaji akasema hapana. Polisi wana sheria yao, na sheria hiyo inaruhusu waende tu katika nchi iliyo na makubaliano ya kupokezana na Kenya. Makubaliano hayakuwapo, kwa hiyo safari haramu.

Wapinzani walishangilia. Nami nilishangilia, sitaficha. Lakini isome tena hukumu ile ukiwa umevaa viatu vya wakili wa serikali. Imekwambia nini? Imekwambia kinachokosekana ni karatasi moja. Tarehe 1 Machi Rais Ruto na Waziri Mkuu wa Haiti Ariel Henry walishuhudia karatasi hiyo ikisainiwa Nairobi. Hukumu ile ile ilikuwa ushindi wa Aukot na ramani ya Ikulu. Kuna waliouliza kama Henry, ambaye hakuchaguliwa na mtu, alikuwa na mamlaka ya kuifunga nchi yake kwa mkataba, na katikati ya Machi alitangaza kuachia ngazi akiwa bado nje ya Haiti. Walalamishi walirudi mahakamani Mei. Ndege iliondoka Juni.

Kwa hiyo mahakama ilizuia nini? Ilizuia muda: miezi minane na nusu, kutoka amri ya kwanza hadi askari wa kwanza kukanyaga Port-au-Prince. Usiudharau muda huo. Ndani yake serikali ililazimika kupeleka suala bungeni, kueleza gharama, kutafuta mkataba. Na usiusifu kupita kiasi, kwa sababu muda huo huo ndio magenge ya Port-au-Prince yalivunja magereza mapema Machi na maelfu ya wafungwa wakatoroka. Anayepinga kwa dhati anapaswa kuibeba hesabu hiyo pia.

Kesi ya jeshi mitaani ilikwenda tofauti na haraka zaidi. Chama cha Wanasheria cha Kenya kilikimbia mahakamani, na tarehe 27 Juni Jaji Lawrence Mugambi hakuwarudisha wanajeshi kambini. Aliona hali inahitaji msaada wao. Ila aliiamuru serikali ichapishe katika gazeti rasmi, ndani ya siku mbili, wanajeshi watafanya kazi wapi na kwa muda gani. Wengi waliiona hukumu ile kama kushindwa. Mimi naona ni aina ya ushindi mdogo ambao mahakama huutoa vizuri: haikuzuia bunduki, ilidai bunduki iandikwe anwani na tarehe ya kurudi.

Mlango huu hauko wazi kila mahali. Tanzania, ibara ya 26(2) inampa kila mtu haki ya kuchukua hatua kulinda katiba, lakini tangu marekebisho ya sheria ya 2020 anayefungua shauri la haki za msingi lazima aeleze kwa kiapo jinsi alivyoathirika yeye mwenyewe. Raia wa Mwanza ameathirikaje binafsi na kikosi kilicho nje ya mipaka? Marekani nako, wabunge waliomshtaki Clinton juu ya mabomu ya Kosovo waliambiwa mwaka 2000 kwamba hawana haki ya kusimama mbele ya mahakama kwa jambo hilo. Warudi kwenye Bunge lao wakapigane huko.

Gharama yake? Wakili, hati za kiapo, na ujasiri wa kuitwa msaliti. Faida yake kubwa ni kwamba haihitaji wingi. Mtu mmoja mwenye hoja safi anatosha.

Bunge: nguvu nyingi, kura chache

Kwa karatasi, hakuna chombo chenye meno kama Bunge. Kwa hesabu, rais karibu daima ana wingi humo.

Uganda ndiyo mfano mkali. Sheria ya jeshi lao ya 2005 inataka idhini ya Bunge kabla ya askari kupelekwa nje kulinda amani, na Bunge likiwa mapumzikoni Spika aliite ndani ya siku 21. Desemba 2013 askari wa Uganda waliingia Sudan Kusini vita vilipolipuka Juba. Bunge likaidhinisha Januari 2014. Machi 2025 mambo yakajirudia karibu kwa mstari: Mkuu wa Majeshi, Jenerali Muhoozi Kainerugaba, alitangaza mtandaoni kwamba vikosi maalumu viko Juba, na kura ya Bunge ikaja tarehe 20 mwezi huo huo. Upinzani chini ya Joel Ssenyonyi ulilalamika kwamba Bunge limegeuzwa muhuri. Wakati wa Operesheni Shujaa ya jeshi la Uganda, iliyoanza mashariki mwa Congo mwishoni mwa Novemba 2021, aliyekuwa kiongozi wa upinzani, Mathias Mpuuga, alikuwa ametoa lalamiko lile lile.

Na usisahau kwamba ndani ya Bunge hilo jeshi lina wawakilishi wake 10. Unapigia kura safari ya jeshi, jeshi likiwa limekaa viti vya jirani.

Basi Bunge la nini? La kuvuna ahadi. Novemba 2023, mbele ya kamati, Waziri wa Mambo ya Ndani wa Kenya wakati huo, Kithure Kindiki, alisema polisi hawataondoka hadi fedha za Umoja wa Mataifa zipatikane. Tarehe 16 mwezi huo Bunge likaidhinisha safari, na hapo amri ya mahakama ilikuwa bado inafanya kazi, kichekesho ambacho sijui kama wabunge wenyewe walikiona. Upinzani ulishindwa kura. Lakini ahadi ya Kindiki imebaki kwenye kumbukumbu rasmi za Bunge, na kila aliyetaka kuuliza juu ya mishahara na vifaa vya askari wetu kule Haiti alianzia hapo.

Afrika Kusini, ambako Bunge huambiwa baadaye, kuna kitu ambacho ningekiiba kama ningeweza: barua. Kifungu cha 201 kinamlazimu rais kulieleza Bunge sababu, mahali, idadi ya watu na muda. Ndiyo maana Februari 2024 umma ulijua kwamba Ramaphosa amewapeleka Congo askari 2,900, kwa gharama ya zaidi ya randi bilioni 2, hadi 15 Desemba 2024. Nne tu, sababu, mahali, idadi, muda, lakini ukizipata unaweza kuuliza swali lolote. Sisi Kenya tulilazimika kwenda kwa Jaji Mugambi kupata mbili kati ya hizo.

Na upinzani wenyewe, jamani, una kumbukumbu fupi. Oktoba 2011 Raila Odinga alikuwa Waziri Mkuu wa serikali iliyopeleka jeshi Somalia. Julai 2014, akiwa upinzani, mkutano wa Saba Saba wa muungano wake wa CORD ulidai jeshi lile lile lirudi. Labda hoja ilikuwa imebadilika, maana shambulio la al-Shabaab kwenye duka la Westgate, Nairobi, lilikuwa limeshapita na watu 67 wamekufa. Lakini serikali haikosi kuikumbuka tarehe ya kwanza.

Bajeti: njia isiyo na kelele

Hii ndiyo naipenda na ndiyo wachache huifuata, kwa sababu haina picha nzuri ya gazeti.

Askari aliye nje hula, hupanda ndege, hulipwa posho, hutibiwa. Kila kimoja kina mstari wake mahali fulani. Safari ya Haiti ilitegemea mfuko wa hiari chini ya Umoja wa Mataifa na mkono mkubwa wa Marekani. Mwanzoni mwa 2025 Washington ilipositisha mchango wake kwa mfuko huo, Umoja wa Mataifa ulitaja dola milioni 13.3 zilizokwama. Mpinzani aliyekuwa akifuatilia mfuko huo aliiona shida kabla ya waliokuwa wakipiga kelele za uhuru wa Haiti.

Uganda ina ankara kubwa zaidi. Februari 2022 Mahakama ya Kimataifa ya Haki iliiamuru ilipe Congo dola milioni 325 kwa yaliyotendwa na jeshi lake huko katika vita vya 1998 hadi 2003, kwa mafungu ya dola milioni 65 kila mwaka. Mlipa kodi wa Gulu aliyezaliwa baada ya vita hivyo anavilipia. Wabunge wanapoulizwa juu ya safari mpya ya Congo au Juba, hesabu hiyo haihitaji kupambwa. Iweke mezani tu.

Udhaifu wake ni kwamba pesa za ulinzi huja zimefungwa pamoja. Hakuna mstari ulioandikwa "Haiti" unaoweza kuufuta kwa kalamu. Ukitishia bajeti nzima utaambiwa unawanyima askari risasi. Kwa hiyo njia hii haifungi safari; inaifanya iwe ghali kuendelea, na hilo huchukua miaka.

Barabara, na majeneza

Hapa nitasema kwa uangalifu. Watu hawaingii barabarani kupinga kupelekwa kwa askari mbali. Hata Kenya ya Juni 2024, yenye vijana wenye moto wa aina yake, iliandamana kwa sababu ya kodi. Haiti ilikuwa maneno kwenye mabango machache. Kinachobadilisha hali ni msiba.

Machi 2013 wanajeshi 13 wa Afrika Kusini waliuawa Bangui, mji mkuu wa Jamhuri ya Afrika ya Kati, wakipigana na waasi wa Seleka. Chama cha DA, upinzani wa wakati huo, kilidai warudishwe. Mwezi uliofuata Rais Zuma akawaondoa. Ni kweli pia kwamba Bozizé, rais aliyewaalika, alikuwa ameshapinduliwa, kwa hiyo usimpe upinzani sifa yote. Januari 2025 yakajirudia kwa ukubwa: askari 14 wa Afrika Kusini walikufa karibu na Sake na Goma, mashariki mwa Congo, mji wa Goma ulipoangukia waasi wa M23. Katikati ya Februari majeneza yakafika nyumbani. Chama cha EFF cha Julius Malema kilitaka warudi mara moja. DA, ambayo sasa imo ndani ya serikali ya Ramaphosa, nayo ilipiga kelele kutoka humo humo. Malawi, iliyopoteza watatu na ilikuwa inaelekea uchaguzi, haikungoja: tarehe 5 Februari Rais Chakwera aliamuru maandalizi ya kuondoka. Ramaphosa alisubiri mkutano wa SADC, jumuiya ya nchi za kusini mwa Afrika iliyokuwa imekituma kikosi hicho cha pamoja, ambao tarehe 13 Machi ulifunga kazi hiyo yote. Misafara ya malori ikapita Rwanda hadi Chato, Tanzania, nchi ambayo nayo ilikuwa na askari katika kikosi hicho na ilizika wawili wake.

Sasa linganisha na Kenya. Januari 2016 kambi ya El Adde nchini Somalia ilivamiwa na al-Shabaab, na hadi leo serikali haijatoa idadi rasmi ya waliokufa. Pasipo idadi hapana mjadala. Kila mtu anabishana na uvumi. Ndiyo maana nasema njia ya barabara inategemea kitu ambacho mpinzani hakidhibiti: je, serikali itayahesabu majeneza hadharani?

Na kuna pahali ambapo njia zote nne zimefungwa. Burundi, askari waliokataa kupelekwa Congo walifikishwa mbele ya mahakama ya kijeshi mwaka 2024 na wengi wakahukumiwa kifungo. Upinzani ulikuwa umebaki kwa mwenye bunduki peke yake, na hilo si jambo ninaloweza kumshauri mtu.

Sasa wewe, uchague ipi?

Kama umesikia tangazo na ndege haijaruka, na uko Kenya: mahakama, leo, si wiki ijayo. Usiende na hoja ya "vita si vyetu". Majaji hawapimi hekima ya sera. Tafuta kasoro ya mamlaka: nani ameamuru, kwa ibara ipi, mkataba uko wapi. Na ukishinda, jiandae kwa siku ya pili, serikali ikirudi na karatasi iliyokosekana. Waliofungua kesi ya Haiti walikuwa hodari siku ya kwanza.

Kama ndege imeshatua, acha kudai "warudi kesho". Hutapata, na utaonekana umewageuka askari. Dai mambo manne ya barua ya Afrika Kusini. Mwombe mbunge yeyote, hata wa chama tawala, aulize idadi na tarehe ya mwisho. Ibara ya 119 ya katiba ya Kenya inakuruhusu kupeleka ombi bungeni wewe mwenyewe, na ibara ya 35 inakupa haki ya kudai taarifa zilizo mikononi mwa serikali. Watakujibu kwamba ni siri za usalama. Idadi na muda si mpango wa vita, ng'ang'ania hapo.

Kama uko Uganda, sitakudanganya kwamba kura itakwenda upande wako. Tumia mjadala kuweka kumbukumbu na uanze kufuatilia pesa.

Kama uko Tanzania, ambako katiba haikumwekea Amiri Jeshi Mkuu sharti la kuliuliza Bunge, njia iliyo karibu ni swali la mbunge kwa Waziri wa Ulinzi na mjadala wa bajeti ya wizara hiyo kila mwaka Dodoma. Ya mbali ni katiba mpya, na humo ndimo neno "kabla" lingepaswa kupiganiwa.

Kama ni jeshi mtaani kwako, mlango wa (b) na (c) ndio wa kwanza, na saa zinahesabika: Chama cha Wanasheria kilipata amri yake ndani ya siku mbili.

Majuzi nilimkuta mzee wangu kijiweni pale pale, nikaanza kumweleza yote haya, ibara kwa ibara. Alinisikiliza mpaka kahawa ikapoa. Kisha akauliza kama wale vijana wa Haiti wamerudi. Nikamwambia mmoja aliuawa Februari 2025, na kwamba Septemba mwaka huo Umoja wa Mataifa uliamua kukigeuza kile kikosi kiwe kipya, kikubwa zaidi, chenye jina jingine.

"Na hicho kipya," akasema, "Bunge letu limeulizwa?"